Vitasa Vilivyolika vya Gari la Faiba Pwani ya Tanga

Mlango wa gari ukianza kuhitaji kubamizwa ndipo ufunge, wa kwanza kulaumiwa huwa ni kitasa, na mara nyingi hulaumiwa bure. Gari lililonifundisha jambo hili ni Reliant Scimitar GTE la toleo la SE6A, ambalo marehemu baba alilinunua kwa mhandisi wa shamba la mkonge aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao, na ambalo tangu wakati huo limeishi hapa Tanga, mahali ambapo chumvi ya bahari huingia hata ndani ya saa ya ukutani. Vitasa vyake vilikuwa vimelika kiasi kwamba ufunguo wa kabati la vyombo uliweza kuufungua mlango wa dereva, na mlango wa abiria ulifungwa kwa dua. Kazi ya kuvitengeneza ilipita mikononi mwa mkereza vyuma, fundi wa boti na mchonga funguo, na fundi wa magari ndiye aliyekuwa na sehemu ndogo kuliko wote.

Scimitar GTE lilianza kuuzwa mwaka 1968. Lilichorwa na Tom Karen wa kampuni ya Ogle na kuundwa na Reliant katika mji wa Tamworth, Uingereza, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba ni gari la michezo lililopewa mgongo mrefu wa kubebea mizigo. Binti wa Malkia Elizabeth wa Pili, Anne, aliyapenda magari haya na kumiliki zaidi ya moja. Toleo la SE6 lilitoka mwaka 1975, na SE6A likafuata mwaka 1976 na kuendelea hadi 1980, likiwa na injini ya Ford ya V6 yenye ukubwa wa lita 3. Chasisi yake ni ya chuma na mwili wote ni wa faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi iitwayo rezini. Kwa mtu anayeshughulika na vitasa, lililo muhimu kuliko injini ni kwamba gari hili hubeba watu wanne na lina milango miwili tu ya pembeni, kwa hiyo kila mlango ni mrefu, ncha yake iko mbali na bawaba, na ulegevu mdogo sana kwenye bawaba hugeuka kuwa mteremko mkubwa pale kitasa kilipo.

Tofauti ya faiba na bati inapaswa kueleweka kabla ya kushika bisibisi. Bati likipigwa hupinda, na likipinda fundi huligonga likarudi. Faiba ni kama kifuu cha nazi: huvumilia, huvumilia tena, kisha hupasuka. Haishiki kutu, hilo ni kweli, na katika mji kama wetu ni neema kubwa, lakini skrubu iliyokazwa moja kwa moja juu yake huisaga taratibu mpaka tundu likawa la mviringo wa yai. Kwa sababu hiyo waundaji wa magari ya faiba huweka vipande vya chuma ndani au nyuma ya faiba ili mzigo wa bawaba na kitasa usambae. Mlango ukibamizwa kwa miaka mingi, kitasa chenyewe huweza kubaki kizima huku vipande hivyo vikilegea, na hapo mtu anaweza kubadilisha kitasa kila mwaka asipate nafuu yoyote.

Kipimo cha kwanza hakigharimu chochote. Fungua mlango hadi nusu, ushike kwa ncha ya chini, uunyanyue kwa upole huku mtu mwingine akitazama bawaba. Ukiona pini inacheza ndani ya bawaba, ugonjwa uko kwenye pini na bushi, yaani ile pete inayoizunguka pini. Ukiona bawaba nzima inasogea pamoja na ngozi ya faiba, ugonjwa uko kwenye mwili. Langu lilikuwa na yote mawili upande wa dereva. Fundi wa gereji aliyelitazama alichutama, akaunyanyua mlango na kuushusha, kisha akasema, "Dada, hiki kitasa hakina kosa. Mlango umelala." Alisema hivyo bila hata kufungua kisanduku chake cha spana, na ninamheshimu kwa hilo, kwa kuwa angeweza kuniuzia kitasa.

Kuzitoa pini za bawaba kwenye gari la bati huwa ni kazi ya nyundo na moto. Kwenye faiba vyote viwili ni marufuku. Moto huichoma rezini inayozishika nyuzi za kioo, na nyundo hutuma mshtuko wake wote kwenye ukingo wa tundu la bolti. Tuliuegemeza mlango juu ya jeki iliyowekewa ubao na kipande cha godoro, tukafungua bolti za bawaba, tukazitoa bawaba nzima na kwenda nazo kwa mkereza vyuma, ambaye alizibana kwenye jiliwa, akazitia mafuta ya kulainisha kutu na kuziacha zilale. Pini zilizotoka zilikuwa zimelika upande mmoja tu, upande unaobeba uzito, na ukizizungusha kati ya vidole unaisikia kona hiyo kabla hujaiona. Alikereza pini mpya za chuma na bushi za shaba nyeusi, akazilinganisha mpaka pini ikawa inaingia kwa kusukumwa na kidole gumba bila kugongwa na bila kuchezacheza. Nililipa kwa furaha, kwa sababu kazi ya namna hiyo ukiikagua kwa macho huwezi kuona lolote la kusifu. Uzuri wake uko katika kutosikika.

Sehemu ya mwili ilinipeleka Sahare, hapa hapa Tanga, kwa mzee anayetengeneza boti za faiba za wavuvi. Nilikuwa nimeulizia mafundi wa bodi mjini, na kila mmoja alitaka kujaza tundu kwa pati ya kupigia msasa kabla ya rangi. Pati haina nyuzi ndani yake, kwa hiyo haiwezi kubeba mlango. Mzee yule hakuwahi kushughulika na gari, lakini alipoona tundu lililosagika kwenye nguzo, pale kinapofungwa kile chuma ambacho kitasa hukikamata, alicheka kidogo na kuniambia kwamba hilo ndilo tatizo la tako la boti linapofungwa injini: bolti inatikisika, faiba inasagika, na mwenye boti anaendelea kukaza nati.

"Binti yangu, rezini haishiki juu ya rangi wala juu ya mafuta," alisema. "Kwaruza mpaka uzione nyuzi."

Alikwaruza kutoka upande wa ndani, eneo la upana wa kiganja, akilifanya kuwa jembamba kuelekea tundu ili viraka vipya vipate mahali pa kulala. Alilifuta kwa asetoni. Alikata mkeka wa nyuzi za kioo katika vipande, kila kipande kipana kuliko kilichotangulia, akavilaza kimoja kimoja huku akiipigapiga rezini kwa ncha ya brashi mpaka weupe wote ukapotea, kwa kuwa weupe ni hewa iliyonaswa na hewa haibebi mzigo. Dawa ya kugandishia huchanganywa kwa kiasi cha asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa rezini, na katika joto la Tanga yeye hukaa karibu na kile kiasi kidogo, tena hufanya kazi asubuhi, kwa kuwa rezini iliyochanganywa saa nane mchana huweza kuganda ndani ya kopo kabla hujalaza kipande cha pili. Huchanganya kidogo kidogo. Kopo lililojaa hujipasha moto lenyewe hadi kutoa moshi. Dawa hiyo ikiruka jichoni huweza kuharibu uwezo wa kuona, na miwani ya kujikinga ni bei ndogo mno ukiilinganisha na jicho. Kuhusu unga wa kioo unaotoka wakati wa kukwaruza, barakoa na mikono mirefu vinatosha, na ngozi ikishaanza kuwasha ioshwe kwa maji baridi bila kusuguliwa.

Nyuma ya kiraka tuliweka bamba la chuma kisichoshika kutu lenye unene wa milimita 3, lililotobolewa na kukatwa uzi ili bolti iingie humo. Mzee alikataa katakata chuma cha kawaida. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na ikianza kukua ndani ya faiba huipasua kutoka ndani, jambo ambalo alikuwa ameliona kwenye boti nyingi kuliko alivyoweza kuzihesabu. Mahali bolti inapopita kwenye faiba tulitia kijibomba kifupi cha chuma, chenye urefu sawa na unene wa faiba, ili bolti ikikazwa ibane chuma kwa chuma na kuiacha faiba bila kusagwa. Hicho kijibomba ndicho kitu kidogo ninachokithamini kuliko vyote katika ukarabati huu, na mtu akiniuliza afanye nini kwanza kwenye gari lake la faiba, humwambia akatafute mahali ambapo kijibomba kama hicho kinakosekana.

Mlango ulipokaa sawa kwenye bawaba zake, chuma cha nguzoni kilihitaji kupangwa upya, kwa kuwa kwa miaka mingi kilikuwa kimesogezwa chini kuufuata mlango uliolala. Ili kujua kitasa kinakigusa wapi hasa, nilikipaka rangi ya mdomo, nikaufunga mlango polepole, nikaufungua na kutazama alama. Alama ikiwa juu, chuma kipandishwe. Ikiwa chini, kishushwe. Ikiwa pana upande mmoja, chuma kimekaa mshazari. Fundi wa gereji aliniangalia kwa mashaka, lakini siku iliyofuata aliniuliza ile rangi inauzwa wapi.

Ndipo zamu ya kitasa chenyewe ikafika. Ukitoa ubao wa ndani wa mlango na ile nailoni ya kuzuia maji, unakutana na mambo ambayo faiba imeyaficha. Mlango wa bati wenye maji ndani hujitangaza kwa kutoboka. Mlango wa faiba hukaa mzuri nje huku vyuma vilivyomo ndani vikioza kimya kimya. Matundu ya kutolea maji chini ya mlango yalikuwa yamezibwa na mchanga na majani ya mwarobaini, na kitasa kilikuwa kinaishi ndani ya mvuke wa chumvi. Nilikiosha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani mpaka kikaonekana kinavyofanya kazi. Ndani yake mna kulabu inayozunguka na kukikamata chuma cha nguzoni, na mna kizuizi kinachoikalia kulabu hiyo ili isirudi. Kulabu ina hatua mbili. Ya kwanza ni ya tahadhari, ambayo huuzuia mlango usifunguke hata kama haukufungwa sawasawa, na ya pili ndiyo ya kufunga kabisa. Milango yangu yote miwili ilikuwa inaishia kwenye ile ya kwanza, na ndiyo maana ilikuwa inagongagonga barabarani.

Ukingo wa kizuizi ulikuwa umeanza kuwa mviringo. Gereji ilipendekeza kuujaza kwa kuchomelea kisha kuupiga tupa. Nilikataa, kwa sababu vipande hivi huwa vimepewa ugumu maalumu kiwandani, na joto la kuchomelea huweza kuuondoa. Kizuizi kilicholainika kitafanya kazi vizuri mpaka siku ile abiria atakapouegemea mlango kwenye kona. Kwa bahati njema sehemu iliyolika ilikuwa ndogo, na jiwe la kunolea lilitosha kuurudisha ukingo kuwa wa pembe mraba. Springi iliyochoka ilibadilishwa kwa nyingine iliyosokotwa kwa waya wa springi wa unene uleule. Kulabu ilipakwa grisi kidogo, na ncha za zile fito zinazounganisha mkono wa mlango na kitasa, ambazo vibanio vyake vya plastiki vilikuwa vimesagika kabisa, zilipata vibushi vya nailoni kutoka kwa yule yule mkereza. Ulegevu wa fito hizo ulikuwa umekula karibu nusu ya mwendo wa mkono wa mlango, na watu walikuwa wakidhani mkono ndio mbovu.

Mkono wenyewe una historia yake. Reliant ilikuwa kampuni ndogo, na kampuni ndogo hununua vitu vya aina hii kutoka kwa wanaovitengeneza kwa wingi. Mkono wa mlango wa Scimitar la toleo hili ni uleule uliobuniwa kwa ajili ya Morris Marina la mwaka 1971, ambao ulikuja kutumika pia kwenye Austin Allegro, Triumph TR7, Lotus Esprit, Range Rover la zamani na Land Rover Discovery la kwanza. Kwa mtu wa Tanga taarifa hii ni hazina. Scimitar jingine la kuvuliwa spea sijawahi kulikuta, lakini Discovery lililokuwa la mradi fulani na sasa limekaa juu ya matofali nyuma ya gereji ya mtu ni jambo la kawaida. Mkono wa mlango wangu wa kulia ulikuwa na ufa, na ni wa aloi ya zinki ambayo huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 400 za Selsiasi, kwa hiyo fundi wa kuchomelea vyuma angeugeuza kuwa tone. Nilipata mbadala kwa bei ya chakula cha mchana. Muuzaji hakuamini kwamba unaingia kwenye gari lisilo Land Rover, nami sikumweleza zaidi mpaka tulipomaliza kupatana bei.

Silinda ya ufunguo niliiacha iwe ya mwisho, na huo ndio mpangilio ninaoushauri, kwa sababu silinda inayosukuma kitasa kigumu hulika upya ndani ya muda mfupi. Ndani ya silinda mna visahani vyembamba vya shaba, kila kimoja na springi yake, na ufunguo sahihi huvishusha vyote mpaka vikawa sawa na uso wa silinda, ndipo izunguke. Ufunguo ukilika, na visahani vikalika, kila kitu kinakuwa karibu sawa, na karibu sawa ndiyo iliyoruhusu ufunguo wa kabati kufanya kazi yake. Nilikwenda kwa kijana anayechonga funguo Ngamiani, hapa mjini, kwenye mojawapo ya zile barabara zenye namba. Aliutazama ufunguo wangu juani na kusema, "Mama, huu nikikuchongea pacha wake, nitakuchongea na ugonjwa wake." Alikuwa sahihi kabisa. Nakala ya ufunguo uliolika huzaliwa ikiwa imelika.

Dawa yake ni namba. Nilipoitoa silinda kwa kuvuta kibanio chake, niliikuta namba ya ufunguo imegongwa ubavuni, chini ya uchafu wa miaka mingi. Binamu yangu aliyeko Uingereza aliipeleka kwa muuzaji wa funguo za magari ya zamani, ambaye huchonga kwa kufuata namba bila kuuona ufunguo wa zamani, na ufunguo uliofika ulikuwa na meno makali kuliko nilivyowahi kuyaona kwenye gari hili. Hata hivyo, ulipoingia, visahani viwili vya upande wa dereva vilikuwa bado vinajitokeza, kwa kuwa navyo vilikuwa vimelika. Kijana wa Ngamiani alijitolea kuvipiga tupa mpaka visijitokeze. Kitasa kinachopigwa tupa hivyo huzunguka vizuri, ila hukubali funguo nyingi zaidi, na tungerudi kule kule kwenye kabati la vyombo. Silinda ya mlango wa abiria hufunguliwa na ufunguo huohuo na haikutumika sana, kwa hiyo tulivihamisha visahani vyake vizima kwenda kwa dereva, na mlango wa abiria ukabaki na visahani pungufu. Unafunga, lakini si wa kutegemewa sana, na nimeridhika hivyo, kwa sababu gari likilala nje mlango huo hufungwa kutoka ndani. Kazi hiyo tuliifanya juu ya sinia lililotandikwa kitambaa cheupe, maana springi za visahani huruka, na ikianguka kwenye vumbi la Ngamiani hakuna wa kuipata.

Ukimaliza kazi kama hii, usikimbilie kuufunga mlango. Acha mlango wazi, sukuma kulabu kwa bisibisi mpaka ifike hatua ya pili, kisha uvute mkono wa nje, halafu wa ndani, halafu ujaribu ufunguo, na urudie mpaka uwe na hakika kwamba kila kimoja kinaiachia kulabu. Ukiufunga mlango ambao fito yake imechomoka, kwenye gari la bati utapenyeza waya au kabari bila hasara kubwa. Kwenye la faiba ile kabari itamega ukingo, na utarudi Sahare.

Sasa ninatia unga wa grafaiti kwenye silinda kila msimu wa kusi unapoanza, bila kutia oili, kwa kuwa oili hukusanya vumbi na kuligeuza kuwa msasa. Matundu ya chini ya milango huzibuliwa kwa waya kila gari linapooshwa. Kilichobaki ni kitasa cha mlango wa nyuma, ambao ni wa kioo, na kioo hakimsamehei anayekaza nati kupita kiasi. Mkereza ameshachukua vipimo vya bushi zake, lakini amesema hatazikata mpaka nimletee mpira mpya wa kuwekwa kati ya chuma na kioo, wa unene atakaoupima yeye mwenyewe.